Kumpeleka Mtoto Mdogo kwa Bibi Ukerewe: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mwanza Hadi Siku ya Kurudi

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu, alitupotea uani kwa bibi yake, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, kwa dakika kama kumi. Nyumba ilikuwa imejaa: bibi, babu, shangazi wawili, baba mdogo na mkewe, mimi na baba yake. Watu wazima wanane. Kila aliyeulizwa alijibu, "Si alikuwa na fulani?" Tulimkuta mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, amechuchumaa ubavuni mwa mtumbwi, maji yanamfika vifundoni, anachokoa vidagaa kwa kijiti. Hakujua hata kama anatafutwa. Mimi sikulala usiku ule.

Tangu hapo tumekwenda mara nyingi na tutaendelea kwenda, maana mtoto asiyemjua bibi yake amenyimwa kitu kikubwa. Ninachoandika hapa ni kwa mzazi anayeishi Mwanza mjini, mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano, na ambaye bibi au babu wanaishi kisiwani au pembeni mwa ziwa. Mengi yatamfaa pia anayekwenda Sengerema, Magu au Musoma.

Wiki mbili kabla: maneno yapitie kwa mwenyewe

Bibi mzaa baba aambiwe na mwanawe. Bibi mzaa mama aambiwe na binti yake. Mkwe akianza kutoa masharti kwenye simu kabla hajafika, hata kama ana haki, inasikika kama anamwambia mama wa watu kwamba hajui kulea. Na huyo mama amelea saba.

Mume wangu hupiga jioni, bibi akiwa ameshakula na ametulia. Haanzi na masharti. Anauliza hali, anauliza nani yuko nyumbani kwa sasa, maji yanachotwa wapi siku hizi, na kama kuna mtu anaumwa. Halafu anataja mambo matatu tu, kwa sababu ukitaja kumi hakuna litakaloshikwa.

La kwanza, mtoto wa chini ya miezi sita anakula maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana, hata uji mwepesi hapana. La pili, asipewe dawa yoyote, ya dukani wala ya kienyeji, bila mzazi kujua, na asikatwe kimeo wala kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Hili nalisema wazi kwa sababu kwetu Kanda ya Ziwa bado linafanyika, tena kwa upendo: mtoto anakohoa au anaharisha, mtu anapendekeza fundi wa kienyeji wa kukata au kung'oa. Hayo "meno ya plastiki" ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo bado yako ndani ya fizi. Kuyachimbua, au kukata kimeo kwa kiwembe, kunaleta kutokwa damu na maambukizi yanayoweza kumuua. La tatu, mtoto haendi ziwani bila mtu mzima aliyetajwa kwa jina.

Bibi aliposikia hayo mara ya kwanza aliuliza, "Kwani ninyi mlikufa?" Mume wangu akamjibu, "Mama, sisi tulikuwa na wewe peke yako, ndiyo maana tulipona. Huyu ana watu wanane, na kila mmoja anamwachia mwenzake." Bibi alinyamaza kidogo, akasema haya, nimeelewa. Jibu lile ndilo lililobeba kila kitu kinachofuata hapa chini.

Kuchagua njia na siku

Njia ni mbili. Unaweza kupanda meli bandarini Mwanza hadi Nansio, mwendo wa saa tatu hivi. Au unapita barabarani: Magu, Lamadi, Bunda, hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha Nansio. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja napenda meli, kwa sababu kuna nafasi ya kumbadilisha, kumnyonyesha na kumtembeza. Mwenye mtoto mkubwa kidogo anayetapika ziwani apite barabarani, ila ajue ni siku nzima.

Safiri asubuhi. Mara nyingi ziwa huwa limetulia saa hizo, upepo huanza kuamka mchana. Juni hadi Agosti ni kiangazi na njia za vijijini zinapitika vizuri, lakini usiku kuna baridi, maana huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta ni lazima. Likizo za Juni na Desemba watu ni wengi. Ukiona kivuko kimejaa, watu wanasukumana na magunia yameziba njia, shuka na mtoto wako, subiri kinachofuata. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilikuwa na uwezo wa abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Bibi atasubiri. Mpigie umwambie mmechelewa.

Begi la mtoto

Nguo za kawaida unazijua. Mimi nitataja vinavyosahaulika.

Kadi ya kliniki, kwanza kabisa. Mtoto akiumwa kisiwani, mhudumu wa zahanati ataangalia uzito na chanjo humo. Chandarua chenye dawa, hata kama bibi anacho, kwa sababu cha bibi kitalaliwa na binamu. Pakiti tatu za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, na vidonge vya zinki. Paracetamol ya maji yenye kibomba (kisicho na sindano) au kijiko chake cha kupimia, pamoja na kipimo kilichoandikwa na kliniki kulingana na uzito wa mtoto. Vidonge vya kutibu maji. Poti. Tochi. Chupa ya chai ya kuwekea maji yaliyochemshwa kwa ajili ya njiani.

Kuhusu nguo, beba zenye rangi kali: nyekundu, njano, ya machungwa. Mtoto aliyevaa bluu au kijani humwoni kwenye maji wala kwenye matete. Nilikuwa simjali anayesema hivyo, mpaka nilipojaribu mwenyewe kumtafuta mwanangu kwa macho katikati ya watoto ishirini pale mwaloni.

Ndani ya meli au kivuko

Ukishakaa, kabla hujafungua hata karanga, muulize mhudumu jaketi za kujiokolea za watoto ziko wapi. Mvalishe, ifunge vizuri, kisha inyanyue mabegani: ikipanda hadi masikioni, ni kubwa, na ndani ya maji itamvuka. Jaketi ya mtu mzima haimfai mtoto wa miaka miwili.

Mtoto mchanga, mbebe mbele, usimfunge mgongoni kwa mbeleko yenye fundo gumu. Kama ni lazima mbeleko, ifunge kwa namna ambayo ukivuta mara moja inaachia. Kaa karibu na njia ya kutokea. Mkiwa wawili na watoto wawili, gawaneni kabisa: huyu wako, huyu wangu, kuanzia hapa hadi Nansio. Mtoto wa kutapika apewe chakula chepesi kabla ya safari na maji kidogo kidogo njiani, na akae mahali anapoona mbali, macho yakiwa kwenye visiwa na siyo kwenye simu.

Saa ya kwanza kwa bibi

Salamu kwanza. Mtoto ameshafundishwa nyumbani: "Shikamoo bibi." Bibi wa kwetu anamjibu mwanangu wa kiume, "Marahaba mume wangu, umeniletea sukari?" na uani kote watu wanacheka. Utani huo ni mali ya mtoto, mwache aufaidi.

Mtoto wa miezi minane hadi mwaka na nusu huenda akalia anaposhikwa na bibi. Ni umri wake. Usimsukumie mikononi mwa bibi kwa nguvu ili kuficha aibu. Kaa chini mkekani, mtoto mapajani mwako, bibi ubavuni. Mpe bibi kitu cha mtoto akishike, kijiko au kofia. Baada ya muda mtoto mwenyewe atanyoosha mkono. Bibi akionekana kuumia, mwambie kwamba hata babu wa upande wako, mtoto alipomwona alilia hivi hivi.

Mkishakunywa maji, mwombe babu amtembeze mjukuu wake auone mji. Hapo ndipo unapokagua bila kuonekana unakagua. Nyuma ya babu, angalia haya.

Maji: kisima kina mfuniko ambao mtoto hawezi kuusogeza? Mapipa na ndoo zimefunikwa? Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kichwa chini kwenye ndoo yenye maji ya kina cha kiganja, na hazami kwa kelele. Ndoo zisizotumika zigeuzwe chini juu.

Mafuta ya taa: karibu kila nyumba ya pwani ya ziwa yamo, na mara nyingi yamo kwenye chupa ya soda. Omba yahamishwe mahali pa juu, kwenye dumu. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ili atapike, kwa sababu yakipanda yanaingia kwenye mapafu. Mbebe na ile chupa mwende zahanati mara moja.

Jiko la mafiga: lina mpaka? Sisi tulipanga mawe kuzunguka, na binamu wakubwa wakawa walinzi wa mpaka huo. Akiungua, kidonda kimwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta ya samaki visipakwe.

Halafu ndoano na nyavu za baba mdogo, sumu ya panya, tundu la choo, na mbwa asiyemjua mtoto.

Zamu: mtoto ana nani sasa hivi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye nyumba yenye watu wawili kila mtu anajua mtoto yuko kwa nani. Kwenye nyumba yenye watu wanane macho ni mengi lakini hakuna lililopewa kazi.

Sisi tunakabidhiana kwa mdomo, na anayekabidhiwa lazima ajibu. "Shangazi, mtoto yuko kwako." "Haya, yuko kwangu." Kama shangazi hajajibu, mtoto bado ni wako, hata kama shangazi anamtazama. Kusema "mwangalieni mtoto" ukiwaelekea watu watano ni sawa na kutosema.

Kisha tukaongeza kitambaa chekundu. Anayemshika mtoto amekifunga mkononi, na akimpa mwingine mtoto anampa na kitambaa. Wakati wa kwanza niliona aibu kukileta, nikidhani wakwe wataona nimeleta mambo ya mjini. Bibi ndiye aliyekipenda kuliko wote. Alikifunga mkononi siku nzima, na baba mdogo alipomchukua mtoto kwenda kuona mbuzi, bibi alimfuata hadi zizini: "We! Umeondoka bila kitambaa."

Wa kukabidhiwa ni mtu mzima au kijana mkubwa. Binamu wa miaka minane anaweza kucheza naye, kumbeba, kumlisha embe, ila hawezi kuwa mwenye zamu. Akizembea na jambo likatokea, utakuwa umewaumiza watoto wawili. Aliyekunywa pombe hapewi. Anayekwenda kulala anakabidhi kwanza.

Kuna nyakati tatu ambazo zamu hukatika bila mtu kugundua. Asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi, kila mtu anakimbilia mwaloni kununua na kuanika. Jioni wakati wa kupika, wanawake wako jikoni na wanaume wanadhani mtoto yuko jikoni. Na mgeni anapofika: watu wote wanainuka kusalimia, mazungumzo yananoga, mtoto anatoka mlango wa nyuma. Hizo ndizo saa za kuuliza kwa sauti, "Kitambaa kiko kwa nani?"

Ziwa lenyewe

Usimkataze mtoto ziwa kabisa. Atakwenda kwa siri. Mpeleke mwenyewe, saa unayotaka wewe, mahali unapotaka wewe, na ukae umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa. Madumu matupu ambayo watoto hutumia kuelea yanateleza, hayamlindi mtu. Matete yaepukwe, kuna mamba. Jioni viboko hutoka majini kula majani, kwa hiyo jua likishuka, mwaloni hapana mtoto.

Kuna na kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono waishio kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, vikapenya ngozi hata mtoto asipomeza maji. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, saa ile ile watoto wanayopenda kuoga. Njia rahisi ni kumwogesha nyumbani kwenye beseni. Maji ya ziwa yakikaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa, na ukiyachemsha hufa mara moja. Kwa hiyo chota ya kuogea leo, utumie keshokutwa.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Muda unapotea. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umeminya pua (mchanga, funika mdomo na pua pamoja kwa mdomo wako). Asipoamka, mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, pumzi 2, uendelee hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Hata akizinduka na kuomba uji, mpeleke hospitali, kwa sababu kifua chaweza kubadilika saa chache baadaye. Wafundishe hili watu wa nyumba nzima siku ya pili, kwenye mkeka, kwa kutumia mto. Vijana hupenda.

Chakula na maji ya kunywa

Kisiwani mtoto atakula vizuri kuliko mjini. Sato mbichi, dagaa wa asubuhi ile, maziwa. Dagaa waliokaushwa mchangani waoshwe mara kadhaa mpaka maji yasiwe na mchanga, kisha wakaangwe na kusagwa, na kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji au ndizi za mtoto wa miezi saba kinatosha. Walioanikwa kwenye vichanja huwa safi zaidi, waulizie.

Ugali wa muhogo unashibisha ila una protini kidogo, kwa hiyo mtoto asile ugali na mchuzi peke yake, apate na samaki mwenyewe. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo ni sumu. Bibi anaijua hiyo kazi kuliko mimi na wewe, cha kuzuia ni watoto kutafuna mihogo mibichi shambani.

Mwiba wa samaki ukimkwama kooni, watu watakwambia amezeshwe tonge kavu. Usikubali, tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Kama hautoki kwa kukohoa na mtoto anashindwa kumeza, ni hospitali. Samaki wa mtoto achambuliwe kwa vidole, kipande kwa kipande, mchana au kwenye mwanga wa kutosha.

Maji ya kunywa yachemshwe yatokote. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ya kulambisha kidogo kwa kikohozi.

Usiku, na mtoto akiumwa

Funga chandarua kabla jua halijazama, kichomekwe chini ya godoro. Mtoto anayelala na bibi alale ndani ya chandarua kile kile alicholetewa, na bibi humo humo.

Homa ikipanda, nenda zahanati siku hiyo hiyo akapimwe malaria kwa damu ya kidoleni. Usimpe dawa ya mseto iliyobaki ya binamu yake. Akiwa na degedege, anatapika kila kitu, amelegea, hawezi kunyonya au anapumua kwa shida, usisubiri kukuche. Kwa hiyo ulizia mapema, siku ya kwanza, nani ana bodaboda anayeamka usiku, na namba yake iwe kwenye simu ya bibi na ya babu. Hospitali ya wilaya iko Nansio. Aliye Ukara au kisiwa kidogo ajue pia mwenye boti.

Akiharisha, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo kila anapopata choo, na inayobaki imwagwe baada ya saa 24. Zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Kunyonya kuendelee. Damu kwenye choo, macho kuzama au kiu isiyoisha ni zahanati.

Ukitaka kumwacha kwa bibi

Wa chini ya miaka miwili mimi simwachi, hilo ni langu. Mkubwa kidogo namwacha ikiwa bibi ana msaidizi mtu mzima nyumbani. Bibi wa miaka 70 ana upendo wa kutosha ila hana miguu ya kumkimbiza mtoto wa miaka mitatu.

Kaa naye siku mbili tatu kwanza. Mwache bibi amlishe na kumlaza ukiwepo. Siku ya kuondoka muage mtoto waziwazi, usitoroke amelala, maana akiamka hakuoni atakutafuta, na njia anayoijua ni ya kwenda bandarini. Acha hela ya matibabu na ya chakula mkononi mwa bibi bila kusubiri kuombwa, pamoja na kadi ya kliniki. Piga simu saa ile ile kila siku.

Mkisharudi Mwanza

Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya safari, mtajie daktari kwamba mtoto alikuwa Ukerewe. Kama aliingia ziwani, mpeleke akapimwe kichocho baada ya miezi miwili hivi, hata kama haumwi, kwa sababu mapema zaidi kipimo cha choo kinaweza kisione kitu. Kichocho cha huku kwetu ni cha tumbo: maumivu, kuhara, mara nyingine damu. Kinatibika vizuri. Akikutwa nacho, mpigie bibi umweleze, ili na wale binamu wanaooga pale pale kila siku wapelekwe wakapimwe.